Mpimwa wa Majabalini

Nchi yenyewe haimo kwenye ramani, na wenyeji wake wanashikilia kwamba ramani ndiyo iliyokosea. Ukiuliza iko wapi utaambiwa: ukitoka hapo ulipo, usiende mbali. Ni nchi ya amani, yenye serikali inayowapenda watu wake mno, hata haitaki wasumbuke kwa jambo lolote, likiwemo lile la kujua ukubwa wa viwiliwili vyao wenyewe.

Zamani, wanavyoeleza wasemaji wa serikali, kila mtu alikuwa akipimwa na kushonewa nguo yake. Aibu tupu. Huyu suruali ndefu, yule fupi, huyu kifua kipana, yule kifua hana. Watu wakaanza kudhani wanatofautiana. Ndipo serikali ikakaa kitako, ikaumiza kichwa, ikatoka na mfumo ambao mpaka leo wageni hufunga safari kuja kuushangaa: kupimwa kwa uwakilishi. Kila kata inamchagua mtu mmoja, anaitwa Mpimwa. Mpimwa anakwenda mji mkuu, anapimwa kwa niaba ya kata nzima, na kwa vipimo vyake yanashonwa Makoti ya Taifa ya wanaume wote wa kata ile, na Magauni ya Taifa ya wanawake wote, kwa kuongeza marinda tu. *Mmoja apimwe, wote wavae*: maneno hayo yamechorwa kwenye kuta za shule, za hospitali, na za vyoo vya stendi.

Na ili watu wasirudie ujinga wao, tepu za kupimia zilikusanywa nchi nzima zikachomwa moto uwanjani, bendi ikipiga. Ilibakizwa moja tu, Tepu ya Taifa, nayo inalala ndani ya kasha la kioo, ikilindwa na askari waliovaa makoti yanayowabana makwapani.

Koti la Taifa si nguo ya mchezo. Bila koti huingii ofisi ya serikali, huziki, huoi. Na likikupasukia mwilini umetenda kosa, maana kulipasua koti ni sawa na kulipasua taifa. Ingawa wapo waliolipasua taifa na hawakuulizwa, mradi makoti yao yalikuwa mazima.

Haya. Katika nchi hiyo kuna kata iitwayo Majabalini, ambako watu wanakula kwa kuvunja mawe. Ukizaliwa huko unapewa jina, halafu nyundo. Na katika wavunja mawe wote wa Majabalini hakuna aliyekuwa na mwili kama Tambwe. Shingo ilikuwa imezama mabegani, na mabega yenyewe ungesema mtu amebeba magunia mawili ya mchele akasahau kuyatua. Chini ya hapo, kiuno cha mtoto wa shule. Mungu alimchonga vizuri, ila alimchonga bila kuishirikisha Wizara ya Vipimo.

Maana Mpimwa wa Majabalini siku hizo alikuwa Mheshimiwa Lumbanga, na Lumbanga, ingawa alianzia machimboni kama wengine, sasa tumbo lake lilikuwa likifika mkutanoni kabla yake. Kwa hiyo makoti ya Majabalini yalikuwa na mabega ya kuku na tumbo la hema. Watu wa kawaida walijibana humo wakaishi, na ile nafasi ya tumboni waliitumia kubebea mihogo ya mchana. Lakini Tambwe! Mkono wa koti ukiingia mkononi mwake hautoki bila kuitiwa watu. Akipiga chafya, kina mama wanawavuta watoto kando, vifungo vinaruka kama kokoto. Siku mkuu wa wilaya alipokuja kuhutubia, Tambwe alipiga makofi kwa moyo wake wote, na koti likaachana mgongoni kwa mlio uliomkatisha mkuu hotuba. Walimweka ndani kwa kosa la kupiga makofi kwa nia mbaya.

Angevumilia yote hayo. Mtu mzima huvumilia mengi. Lakini Tambwe alikuwa anampenda Siwema.

Siwema binti Mwinjuma alikuwa na ulimi mkali na kicheko cha karibu, na alimchagua Tambwe mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya machimbo yote. "Wewe mwenye mabega," alimwambia, "unasubiri nini? Au nikuletee mimi posa?" Posa ikapelekwa. Mzee Mwinjuma akakubali, akataja siku, na akakumbusha, kama kila baba wa Majabalini anavyokumbusha, habari ya kinu.

Desturi ya huko ni hii: siku ya ndoa bwana harusi anakikuta kinu cha nyumba ya mke kimewekwa mlangoni, naye anakinyanyua mpaka juu ya kichwa, watu wote wakiona, ndipo mlango unafunguliwa. Asiyeweza, anarudi kwao. Ilikuwa desturi nyepesi kwa watu wavunjao mawe. Kinu cha Mzee Mwinjuma kilikuwa cha mninga, kizito kama deni la taifa, na Tambwe alikitazama akatabasamu.

Tatizo, sheria nayo ilikuwa na lake: ndoa haifungwi mpaka koti la bwana harusi liwe zima, tangu kufika mpaka kutia saini. Na aliyeleta sheria hiyo hakujua habari za kinu, na aliyeleta kinu hakujua habari za koti.

Siku ikafika. Koti walimvalisha watu wanne, mmoja akiwa amemwekea goti mgongoni. Akatembea mpaka kwa Mwinjuma bila kupumua, mikono ameitenga na mwili kama kuku aliyelowa. Msajili wa Ndoa, bwana mkavu mwenye kalamu ya mnyororo, alikuwa amekaa chini ya turubai. Tambwe akainama. Mishono ikalia, watu wakasema "Taratibu!" Akakishika kinu, akakipandisha magotini, akakipandisha kifuani, vigelegele vikaanza; akakipandisha juu ya kichwa kama mtu anayevua kofia.

Na koti likapasuka. Halikupasuka kidogo. Liliachana tangu kwapa la kulia mpaka la kushoto, mkono mmoja ukadondoka kabisa ukalala vumbini, na mbwa akaja kuunusa.

Bwana Msajili akafunga kalamu yake. "Ndoa imeahirishwa," alisema, "mpaka msimu ujao wa makoti."

"Lakini kinu kimepanda!" Chande alipiga kelele. Chande alikuwa rafiki wa Tambwe na msimamizi wake, mtu mwembamba wa miguu na mpana wa mdomo.

"Kinu si waraka wa serikali, ndugu yangu."

Siwema alikuwa ameuona ukwasi wote ule wa mgongo kupitia tundu la mlango. Alicheka, kisha akalia, kisha akacheka akilia. Baba yake akamwambia Tambwe, si kwa ubaya: "Mwanangu, binti ni wako. Ila koti si lako. Katafute."

Akatafuta.

Alianzia kwa mwenye mamlaka. Alimkuta Mheshimiwa Lumbanga barazani kwake, koti limemkaa kama ngozi ya embe, tumbo limejaa pale panapopaswa kujaa tumbo.

"Mheshimiwa, shikamoo. Nimekuja kwa habari ya koti."

"Marahaba. Lina nini? Mimi langu naliona zuri sana."

"Linatubana mabegani, mheshimiwa. Sisi tunavunja mawe."

Lumbanga alimtazama kwa huruma, kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa kuletwa. "Koti halina kosa, Tambwe. Mwili wako ndio una papara. Unakua bila mpango. Tuliza mwili, mwanangu, koti litakukuta."

"Nitautulizaje?"

"Kaa," Lumbanga alisema. "Wewe kaa tu."

Tambwe alikaa siku nzima, na kesho yake njaa ikamrudisha kwenye nyundo.

Akamwendea Fundi Sapi, aliyekuwa akishona kwa siri chumba cha nyuma, hasa suruali za watoto na mifuko ya mito. Fundi Sapi alipoona mabega yale yanaingia mlangoni kwa ubavu, jasho lilimtoka. Tepu hana, na mwenye tepu anafungwa. Kosa lake linaitwa kujipima nje ya uwakilishi.

"Nitakupima kwa mikono," alinong'ona. "Nyoosha. Usiguse ukuta." Akamkumbatia Tambwe kifuani ili aone viganja vyake vinakutana wapi mgongoni. Havikukutana. Akabana shavu kifuani, akajinyoosha kwa vidole, akawa amening'inia hivyo hivyo, miguu haigusi sakafu, pale askari wa vipimo walipousukuma mlango.

"Mnafanya nini?"

"Tunasalimiana, afande," Fundi Sapi alisema, bila kuachia. "Huyu ni ndugu yangu. Tulipoteana."

"Mlipoteana lini?"

"Tangu vita."

"Vita gani? Nchi hii haijawahi kupigana vita."

"Ndiyo maana tulichelewa kuonana, afande."

Askari waliondoka na suruali za watoto kama ushahidi, na Fundi Sapi akahama mji. Tambwe alijaribu mwenyewe kushonea viraka vya gunia kwapani, akaambiwa na balozi wa mtaa kwamba gunia si kitambaa cha taifa. Alijaribu kupunguza mwili kwa kufunga; akakonda uso, mabega yakabaki pale pale, ikawa anaonekana kama kabati lililowekewa kichwa cha mtu mwingine. Siwema akamkataza. "Mimi sikuchagua koti," alisema. "Kula, baba."

Ni Chande aliyelitoa lile wazo, wamekaa juu ya mawe wakinywa uji.

"Gombea."

"Nigombee nini?"

"Upimwa. Lumbanga muda wake umekwisha. Uchaguzi huo unakuja. Wewe ukipimwa, koti la kata nzima linakuwa na mabega yako. Unaoa, sisi tunapumua. Hata watakaoelea ndani watakunja mikono. Tambwe, wewe mwenzetu unafikiri na nini?"

Kampeni za Majabalini hazikuwa na maneno mengi. Wagombea walipanda jukwaani wamevaa fulana za ndani, wakageuzwa mbele na nyuma, watu wakaangalia. Lumbanga alihutubia juu ya uzoefu wa mwili wake. Alieleza umepimwa mara ngapi na umekula meza moja na miili ya nchi gani. Kisha akapewa Tambwe kipaza sauti. Hakuwa na hotuba. Alisema, "Ndugu zangu, ngoja nivae," akajaribu kuingiza mkono kwenye Koti la Taifa, na koti likalia *chraaa*. Uwanja mzima ukasimama. Kina mama walilia. Hapakuwa na mtu Majabalini asiyeujua mlio ule kutoka kwapani mwake mwenyewe. Alishinda hata kura za nyumbani kwa Lumbanga.

Siku ya kuondoka Siwema alimsindikiza mpaka lilipokuwa gari la serikali. Alimfuta vumbi begani, ingawa halikuwepo.

"Nikirudi," Tambwe alisema, "koti litakuwa na mabega. Naapa."

"Wewe rudi na mabega," Siwema alimjibu. "Koti tutajua la kulifanya."

Gari likaondoka, na Tambwe akapunga mkono dirishani mpaka mkono wa shati ukaachia.

Mji mkuu ulimpokea kwa maua. Alipotaka kushusha sanduku lake, vijana wanne walimrukia. "La, mheshimiwa! Wewe umebeba mwili wa Majabalini. Usibebe kitu kingine." Akacheka, akadhani utani. Haukuwa utani. Ilikuwa kanuni. Mpimwa habebi sanduku, hafungui mlango, hajivuti kiti. Akidondosha leso, anaitwa mtu wa leso.

Akapelekwa Jumba la Wapimwa, jengo la vigae lenye viti ambavyo ukikaa vinakumeza mpaka kifuani. Wapimwa wenzake wa kata zote walikuwa wamekwisha kumezwa.

"Tunapimwa lini?" Tambwe aliuliza. Ndilo jambo la kwanza alilouliza.

Kicheko kikazunguka ukumbi kama sinia. Mama mmoja mnene, Mpimwa wa kata ya wavuvi, akamgonga goti. "Mdogo wangu, una haraka ya kwenda wapi? Tepu yenyewe haipo."

"Haipo?"

"Imesafiri. Imekwenda na Waziri ng'ambo, ziara ya mafunzo. Tepu moja kwa nchi nzima, unataka isijifunze?"

Wakati tepu inajifunza, Wapimwa waliandaliwa. Kulikuwa na semina ya kuwaandaa kupimwa, halafu warsha ya kutathmini semina, halafu kongamano la kuipongeza warsha. Katikati ya kila kimoja kulikuwa na chai, na chai ya Jumba la Wapimwa si chai: ni sambusa, maandazi, kuku wa kukaanga, mayai, na mwisho kabisa chai. Tambwe alikataa siku ya kwanza. Afisa wa itifaki alimjia amekunja uso. "Mheshimiwa, kuna tatizo Majabalini?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Majabalini haikula. Tumeona sahani imerudi. Mwili wa kata ukigoma kula, sisi tunaandika kwamba kata imegoma."

Tambwe akaona katika mawazo lori la askari likipanda kilima cha machimbo. Akaichukua sambusa. Akaila kwa niaba ya watu.

Usidhani hakupigana. Kila asubuhi alilala kifudifudi chumbani akapiga pushapu, mpaka mhudumu alipomkuta, akapiga kelele "Mheshimiwa ameanguka!", wakaja watu sita wakamwinua wakamkimbiza kwa daktari wa Jumba. Daktari alimsikiliza moyo, akakuta unapiga kwa nguvu isiyo ya kiongozi, akamwandikia mapumziko. Akajaribu meza. Kulikuwa na meza nzito ya mpodo ukumbini. Alipokuwa peke yake aliiinua, akaishusha, akaiinua, na raha aliyoisikia mabegani ilitaka kumliza. Kesho yake aliitwa kujibu kwa nini alitaka kuiba samani ya serikali. Alipoeleza kwamba alikuwa anainyanyua tu, kamati ilimuuliza: kuipeleka wapi? Alipojibu juu, halafu chini, kamati ilitazamana, ikamwongezea semina ya maadili, yenye chai mbili.

Siwema alikuwa akimpigia simu.

"Wanapima lini?"

"Tepu imetoka ng'ambo, inapita nchi ya jirani kurudi."

"Tepu inatembea kuliko mimi. Hujambo lakini?"

"Sijambo. Wewe? Mzee?"

"Mzee kifua kinamsumbua, machimboni hawezi. Nimechukua nyundo yako."

"Siwema! Mikono itakuota sugu."

"Imeshaota. Yako je?"

Tambwe alikitazama kiganja chake. Kilikuwa laini na cha waridi, kama shavu la mtoto aliyetoka kuogeshwa. Alikificha nyuma ya mgongo, ingawa kwenye simu hakuna anayeona.

"Ipo," alisema.

Tepu ikarudi. Ilipokelewa uwanja wa ndege kwa zulia, ikapumzishwa kwa uchovu wa safari, ikafanyiwa tafrija. Tambwe wakati huo alikuwa anapanda ngazi kwa vituo. Mabega yalikuwa yameteremka taratibu, yamepitia kifuani, yakakusanyika tumboni, yakatulia huko kama wastaafu. Hakuna siku aliyoiona hiyo ikitokea. Kila asubuhi alikuwa mtu wa jana, na jana alikuwa Tambwe.

Siku ya kupimwa Waziri wa Vipimo alisimama juu ya kibweta kidogo, maana Waziri alikuwa mfupi na hotuba ndefu.

"Ndugu Wapimwa! Mataifa mengine yanapima mvua. Yanapima tetemeko. Sisi tunapima mtu! Na hatumpimi hovyo hovyo kama sokoni. Tunamsubiri mpaka aive. Leo nawatazama, na nasema bila kigugumizi, mmeiva."

Makofi. Tambwe aliitwa jukwaani. Tepu ilikuwa baridi. Mabega yalisomwa kwa sauti, na kijana aliyesoma alirudia mara mbili akidhani amesoma kwa makosa kipimo cha mtoto. Tumbo liliposomwa, ukumbi ukashangilia.

"Hongera, mheshimiwa," Waziri alimnong'oneza. "Ulikuja hapa ukiwa mwili mbichi."

"Mheshimiwa Waziri," Tambwe alisema, na jasho likamtoka, "hivi sivyo walivyo watu wa kwetu. Wana mabega."

"Kwenu wapi?"

"Majabalini."

"Majabalini ni wewe. Mimi hapa nimeigusa Majabalini kwa mkono wangu. Imeshiba. Sasa wewe Majabalini unataka kuniambia Majabalini haikushiba?"

"Basi tuongeze mabega kidogo tu. Waandike kama nilivyokuja."

Waziri akarudi nyuma hatua moja, karibu adondoke kibwetani. "Kughushi mwili! Mheshimiwa, unajua kuna watu wako ndani kwa kughushi kidole?" Kisha akalainika, akampapasa tumbo kwa upendo. "Nenda kaoe. Nimesikia una mchumba. Koti litakukaa, hilo nakuhakikishia mimi."

Na Waziri, katika hilo, alisema kweli. Tambwe alivishwa koti lake palepale. Halikuhitaji goti mgongoni. Liliingia kama mkono kwenye maji. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alifunga vifungo vyote, kile cha juu mpaka kile cha chini, akajitazama kwenye kioo, na alikuwa amependeza. Ndilo lililomtisha.

Alirudi na lori la makoti na magauni. Majabalini nzima ilikuwa imejipanga njiani; gari lilipofunguliwa mlango walimtazama mtu aliyeteremka, kisha wakaendelea kutazama nyuma yake, wakimsubiri Tambwe.

"Ndiye huyu," Chande alisema hatimaye. Alisogea, akamwamkia kwa mikono miwili kama mkubwa. "Karibu, mheshimiwa. Safari ilikuwa nzuri?" Alikuwa hajawahi kumwita hivyo hata kwa mzaha.

Makoti yakagawiwa. Chande akalivaa lake kwa pupa, mabega mbele, kwa imani ya mtu aliyepiga kura. *Chraaa.* Kushoto kwake, *chraaa*. Kule nyuma, *chraaa, chraaa*, barabara nzima, kama watu wanachambua mahindi.

Chande alishika ukingo wa kwapa lililoachana. "Tambwe," alisema polepole, "mbona?"

Tambwe alitaka kumweleza habari ya viti, ya sahani kurudi jikoni, ya meza, ya tepu. Alifungua mdomo ili aanze mwanzo, na mdomo, ambao ulikuwa umekaa semina nyingi, ukasema wenyewe:

"Koti halina kosa, Chande. Mwili wako ndio una papara."

Aliposikia alichosema akatafuta pa kukaa.

Mlango wa Mzee Mwinjuma ulikuwa umepakwa chokaa. Turubai lile lile, Bwana Msajili yule yule na kalamu yake ya mnyororo, na kinu kile kile. Bwana Msajili alimzunguka Tambwe, akakagua mishono, akatikisa kichwa kwa furaha. "Safi! Huyu ndiye bwana harusi. Hata uzi haujakaa vibaya."

Tambwe akainama. Tumbo likawahi kufika kwenye kinu. Akakizungushia mikono, akashika, akavuta. Kinu kilibaki kimekaa kama mwenye nyumba. Akavuta tena, macho yakamtoka, mshipa ukasimama shingoni. Koti halikulia hata kidogo. Watu walisubiri mlio wa kitambaa kama watu wanaosubiri radi, na kitambaa kikanyamaza, kimemkaa vizuri kabisa, hakina mkunjo.

"Mara ya kwanza," Mzee Mwinjuma alisema kwa sauti ya chini, akikohoa, "kinu kilipanda koti likapasuka. Leo koti zima, na kinu hata hakijui kama kuna mtu amefika. Sasa mwanangu, mimi nifanyeje?"

Tambwe alikuwa amepiga magoti vumbini, mikono bado imekikumbatia kinu, na aibu ilimzuia kukiachia.

Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Siwema akatoka, amevaa Gauni la Taifa. Alimtazama Tambwe pale chini kwa muda, na usoni mwake hapakuwa na hasira. Ingekuwa heri ingekuwepo. Akamshika kwapa, akamsimamisha kwa mkono mmoja, akampeleka kando kama mtu anayesogeza stuli.

"Desturi inasema kinu kinyanyuliwe," alisema. "Haikusema na nani."

"Siwema, mwanangu, watu..." baba yake alianza.

Siwema hakungoja. Aliinama, akakichukua kinu, na kwa pumzi moja kikawa juu ya kichwa chake. Na gauni likaachana. *Chraaa*, begani mpaka begani, mikono yote miwili ikashuka kama maganda ya ndizi, na jua la Majabalini likapiga mabega ambayo kata ilikuwa haijayaona tangu siku gari la serikali lilipomchukua Tambwe.

Bwana Msajili akafunga kalamu. "Ndoa imeahirishwa," alisema, "mpaka msimu ujao wa magauni."

Lakini hakuna aliyemsikia. Chande ndiye aliyepiga kelele kwanza. "Mabega! Jamani, tazameni mabega! Huyo ndiye mwili wetu!" Na kelele ikashika moto, watu wakamnyanyua Siwema na kinu chake, wakaanza kumzungusha, vigelegele, ngoma ikatoka haijulikani wapi. Siwema wa kwenda kupimwa! Siwema wa mabega! Msimu ujao hatudanganyiki!

Wakampitisha mbele ya Tambwe. Siwema aliinamisha uso kutoka juu kule, macho yake yakiwaka kama ya mtu aliyeona njia, akampigia kelele ili amsikie katikati ya ngoma: "Usiwe na hofu, Tambwe! Nikirudi, gauni litakuwa na mabega. Naapa!"

Tambwe akafungua mdomo. Alikuwa na jibu, alikuwa nalo tayari, alilihifadhi tangu siku Siwema alipomwambia yeye kando ya gari la serikali. Alitaka pia kumwambia habari ya sambusa. Lakini ngoma ilikuwa kubwa na pumzi yake ndogo, na waliombeba walikuwa wameshateremka kilima kuelekea uwanjani. Watu waliomzunguka walimgeukia wamwone mheshimiwa atafanya nini.

Akapiga makofi. Alipiga kwa nguvu zake zote zilizobaki, mikono juu, mpaka ikamuuma, na koti halikupasuka.